Kadi Isiyoomba Mchango: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Kadi za Salamu Nyumbani kwa Manila, Vitenge na Maganda ya Mgomba

Bahasha ikiletwa nyumbani siku hizi, wengi wetu huipokea tukiwa tumeshaanza kupiga hesabu, kwa kuwa kadi tuliyoizoea ni ile ya mchango: mchango wa harusi, wa kipaimara, wa kumuaga binti, wa kumalizia gharama za ukumbi. Sina neno baya juu ya michango, maana shughuli zetu nyingi husimama kwa hiyo. Hata hivyo ipo kadi nyingine ambayo haiombi kitu chochote. Humfikia mgonjwa, mzazi aliyejifungua, mfiwa au mwanafunzi aliye bwenini, ikimweleza tu kwamba katika nyumba fulani jina lake limetajwa mbele za Mungu. Kadi ya namna hiyo ndiyo ninayoieleza hapa, nami nimejifunza kuitengeneza kwenye meza ya chakula, kati ya madaftari ya shule na vyombo vinavyosubiri kuoshwa, katika nyumba ya Kikatoliki iliyo pembezoni mwa Moshi, yenye watoto watatu na migomba michache uani.

Anza na daftari la majina

Watu wengi huanza kwa kununua karatasi na gundi, kisha hukaa wakijiuliza wamtengenezee nani. Nashauri kinyume chake. Nyumbani kwetu kuna daftari dogo linalokaa karibu na msalaba sebuleni, na kila jioni kabla ya sala kila mtoto hutaja jina moja na jambo lake, nasi tunaliandika kwa ufupi: "Babu, jicho." "Shangazi, safari." "Mama wa duka la kona, amefiwa." Jumamosi jioni, baada ya chakula, tunalifungua na kuchagua majina mawili au matatu tu. Kadi tatu zilizotengenezwa kwa utulivu kila juma ni nyingi kuliko zinavyoonekana, wakati kadi ishirini za usiku mmoja humchosha mama, huwagombanisha watoto na mara nyingi hubaki bila kumalizika.

Daftari hilo hufuata pia kalenda ya Kanisa. Majilio huanza Jumapili iliyo kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, na kadi za Krismasi tunazozikabidhi kwa mkono tunazitengeneza katika Jumapili zake nne, ilhali zile za kwenda posta lazima ziwe tayari katikati ya Novemba. Pasaka huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, ambapo huku kwetu masika yameanza au yamekaribia, na jambo hilo lina uzito kwa yeyote anayetumia maganda ya mgomba, kama nitakavyoeleza. Kwaresima tunaiachia kadi za wagonjwa na wafiwa. Idi nayo husogea nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, hivyo anayetaka kumwandikia jirani Mwislamu asitegemee kumbukumbu ya mwaka jana. Amuulize jirani mwenyewe mfungo umefikia siku ya ngapi.

Vifaa

Karatasi inayofaa zaidi ni manila, inayopatikana katika duka lolote la vifaa vya shule. Chagua nyeupe au ya rangi ya maziwa, kwa sababu rangi kali hufunika kazi ya mikono. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia, yenye uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba, ni laini mno kwa kadi yenyewe, lakini inafaa sana kwa bahasha. Zaidi ya hapo unahitaji rula, ikiwezekana ya chuma, penseli laini, kifutio, mkasi, kisu cha karatasi kinachoshikwa na mtu mzima peke yake, kipande cha ubao cha kukatia, kijiko cha chuma, na bolpeni iliyoisha wino. Bolpeni hiyo usiitupe kamwe. Utaona kazi yake hivi punde.

Gundi nyeupe ya dukani inafaa kwa maganda ya mgomba kwa kuwa ni nzito na hukauka bila kulowesha sana. Kwa karatasi juu ya karatasi, na kwa kukazia vitambaa, gundi ya unga wa ngano inatosha kabisa. Koroga vijiko viwili vya chakula vya unga katika robo kikombe cha maji baridi hadi mabonge yote yaishe, mimina robo tatu za kikombe cha maji yanayochemka huku ukiendelea kukoroga, kisha rudisha kwenye moto mdogo kwa dakika mbili au tatu mpaka uji uwe mzito na uanze kung'aa. Uchuje ukiwa bado na moto na uuache upoe. Gundi hii hukaa siku mbili au tatu mahali penye ubaridi, na ikianza kunuka uchachu imwage. Ipake nyembamba, kwa maana gundi nene hukunja karatasi na huwaita mende.

Kukata na kukunja

Hapa ndipo kadi nyingi za nyumbani huharibikia, na hakuna pambo litakaloficha mkunjo uliopinda. Chukua karatasi ya ukubwa wa A4, yaani sentimita 21 kwa 29.7, uikate katikati ya urefu wake ili upate vipande viwili vya sentimita 21 kwa takriban 14.8. Kila kipande kikikunjwa katikati ya ule upande wa sentimita 21 hutoa kadi ya sentimita 10.5 kwa 14.8, kiasi cha kutosha kwa picha moja na maneno machache.

Kabla ya kukunja, fahamu kwamba karatasi ina uelekeo wa nyuzi zake kama ulivyo ubao. Ishike kwa mikono miwili, ipinde taratibu bila kuivunja, kwanza kwa upande mmoja, halafu kwa upande wa pili. Upande mmoja utakubali kwa urahisi na mwingine utakukatalia. Mkunjo wako ufuate ule upande uliokubali, kwa kuwa ukienda kinyume na nyuzi, manila hupasuka mgongoni na kuacha ukingo wenye manyoya. Karatasi nyingi za A4 zina nyuzi zinazofuata urefu, hivyo ukikata kama nilivyoeleza mkunjo utakuwa sahihi wenyewe. Ukikata kutoka kwenye manila kubwa ya dukani, pima kwanza.

Sasa weka alama mbili ndogo za penseli katika sentimita 10.5, juu na chini, laza rula, na upitishe ile bolpeni isiyo na wino mara mbili kwa mkono mzito kiasi. Itaacha mfereji mwembamba bila kukata karatasi. Kunja kwa kufuata mfereji huo, funika mkunjo kwa kipande cha karatasi ya kawaida na uusugue kwa mgongo wa kijiko. Bila karatasi hiyo ya kufunika, kijiko huacha mng'ao usiofutika. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kazi hii yote isipokuwa kushika kisu, na mara nyingi huifanya kwa uangalifu kutuzidi sisi wenye haraka.

Picha kwa maganda ya mgomba

Mgomba ni zawadi kubwa kwa mtengenezaji wa kadi. Shina lake ni tabaka juu ya tabaka, na yale ya nje yakikauka mtini huwa na rangi ambazo hakuna kopo la rangi linaloweza kuziiga: majani makavu, asali, kahawa, hadi nyeusi inayokaribia moshi. Chuna yaliyokauka kabisa. Lenye utomvu liache, kwa sababu utomvu wa mgomba ukigusa nguo hautoki tena, na utakuwa umeharibu sare ya shule kwa ajili ya kadi moja. Sisi tunayachuna Januari na Februari, wakati wa jua, na kuyatunza kwenye boksi lenye magazeti.

Nilijifunza hilo kwa hasara. Mwaka mmoja nilichuna maganda mwishoni mwa Machi, siku tatu baada ya mvua za kwanza, nikayaona makavu kwa kuyagusa, nikatengeneza kadi 12 za Pasaka na kuzifunga katika bahasha zake. Juma Kuu nilipofungua bahasha moja ili niongeze jina la mtoto, nilikuta paa la nyumba niliyoibandika limeota vidoa vya ukungu, vyeupe kwa kijani. Kadi tisa zilitupwa. Tangu hapo kila ganda linafutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, linaanikwa juani siku mbili, kisha linapigwa pasi ya moto mdogo kati ya karatasi mbili mpaka linyooke na litoe mlio wa kukatika likikunjwa. Lisipotoa mlio huo, linarudi juani.

Ili kutengeneza picha, chora kwanza kwa penseli umbo jepesi: kilima, nyumba, mti, mtu mmoja. Bandika ukianza na kilicho mbali na kumalizia na kilicho karibu. Kilima hutoka kwenye ganda jepesi lenye mistari, nawe ulaze mistari hiyo ifuate mteremko wake. Nyumba hutoka kwenye ganda la rangi ya asali, na paa kwenye lile jeusi zaidi. Kwa mtu, usihangaike na uso. Kichwa cha duara ukubwa wa punje ya mahindi, gauni la pembetatu na kikapu kichwani vinatosha, na kila anayeona humtambua mama anayetoka sokoni. Paka gundi nyuma ya ganda kwa ncha ya kidole, ukianzia katikati kuelekea kingo, bandika, funika kwa karatasi safi na uweke chini ya ubao wenye vitabu vizito hadi asubuhi. Usiku huo mmoja ndio unaotofautisha kadi iliyonyooka na ile inayojipinda kama jani.

Kwa kadi ya Krismasi tunatengeneza pango kwa vipande vitatu tu: ganda jeusi lililopinda kuwa paa, ganda jepesi la nyasi za hori, na nyota iliyokatwa kwenye ganda la asali. Nimeona kadi zenye mamajusi, ngamia na malaika wote pamoja, na kwa maoni yangu hori peke yake linasema zaidi.

Vipande vya vitenge na khanga

Kwa fundi cherehani yeyote kuna mfuko wa vipande, naye hufurahi kuugawa. Shida ya kitambaa ni kuchakaa kingo na kutoa nyuzi. Dawa yake ni ile gundi ya ngano: ipunguze kwa maji kidogo, ipake nyuma ya kitambaa kilicholazwa juu ya mfuko wa plastiki, acha kikauke kabisa, ukibandue na kukipiga pasi. Kitakuwa kigumu kama karatasi, nawe utakata ua, njiwa, kikombe cha Komunyo ya Kwanza au mshumaa wa ubatizo bila uzi hata mmoja kuchomoza.

Kitambaa chenye historia kina thamani kuliko kilicho kizuri. Binti wa dada yangu alipobatizwa, tulikata mshumaa kutoka kwenye kitenge ambacho mama yake alikivaa wakati wa ujauzito wote, nasi tukaandika jambo hilo ndani ya kadi ili mtoto aje alisome akikua.

Kazi ya watoto

Watoto wadogo wasipewe gundi na maganda, wapewe bamia. Chukua bamia nene iliyokomaa, ikate kwa kukingama urefu wake, ifute maji kwa kitambaa, na mtoto aichovye katika rangi ya maji iliyotandazwa kwenye kifuniko cha ndoo. Akiigandamiza juu ya manila na kuinyanyua wima, huacha ua lenye ncha, kwa kawaida tano, na vyumba vya mbegu katikati. Jumamosi moja mwanangu wa mwisho aligandamiza la kwanza, akanyamaza, akalitazama kwa muda, kisha akasema, "Mama, Mungu aliificha nyota ndani." Kadi hiyo ilikwenda kwa bibi yake jinsi ilivyo, na maneno hayo yakaandikwa chini yake. Kiazi nacho kinafaa: kikate katikati, chonga umbo la samaki au msalaba kwa kina cha nusu sentimita, na ukumbuke kwamba herufi lazima zichongwe kinyume.

Rangi ikikosekana, nusu kijiko cha chai cha manjano katika vijiko viwili vya maji ya moto hutoa njano ya kupendeza, na ukigusa njano hiyo kwa brashi yenye maji ya magadi hugeuka nyekundu ya udongo papo hapo, jambo linaloweza kuwashikilia watoto mezani kwa saa nzima. Rangi hii hufifia juani, hivyo itumie kwa kadi zitakazosomwa na kutunzwa ndani ya kitabu, zisizowekwa dirishani.

Maneno ya ndani

Pambo humfurahisha mtu kwa dakika moja, lakini maneno huyarudia. Andika kwanza kwenye karatasi ya kujaribia, piga mistari myepesi ya penseli ndani ya kadi kwa nafasi ya sentimita moja, andika kwa kalamu, subiri dakika kumi, kisha futa mistari. Maneno mema hutaja jambo halisi la mtu huyo. "Nakutakia kila la heri" humwenea kila mtu, kwa hiyo hamgusi yeyote. Linganisha na kadi hii ya watoto kwa babu yao: "Babu, shikamoo. Tumesikia kwamba bandeji ya jicho itatolewa Ijumaa. Kila jioni tunakutaja katika sala, na mdogo wetu anaomba umwone ndama kabla hajawa mkubwa. Tutakuja baada ya mitihani. Wajukuu wako."

Kwa mfiwa, tumia rangi moja tulivu, usiweke maua mengi, na usijaribu kueleza kwa nini Mungu ameruhusu. Sema pole, mtaje marehemu, eleza utakachofanya: "Pole sana, mama. Tumemwombea baba katika Misa ya Jumapili, na Alhamisi nitakuja kukaa nawe." Kisha Alhamisi uende kweli, kwa kuwa kadi iliyoahidi na isiyofuatwa huumiza kuliko kutoandika.

Aya ya Maandiko iwe moja, fupi, na uinakili kutoka katika Biblia ambayo mpokeaji huisoma, maana tafsiri hutofautiana maneno. Kwa ubatizo na ndoa tunapenda baraka ya Hesabu 6:24-26. Kwa msafiri, Zaburi 121. Kwa mfiwa, Mathayo 5:4. Kwa shukrani, Wafilipi 1:3. Kwa Krismasi, Luka 2:11. Ukiiandika yote, iandike upande wa kushoto wa ndani na salamu zako upande wa kulia, ili lisiwepo neno linalobanwa pembeni.

Kwa jirani Mwislamu, acha picha za watu, tumia mwezi mwandamo, taa au mapambo ya duara na pembe yanayojirudia, ambayo vipande vya khanga huyatoa vizuri sana. Sisi humwandikia mama wa nyumba ya pili: "Idi Mubarak, mama. Mungu azipokee saumu zenu. Tunashukuru kwa sahani za futari mlizotuletea, na watoto bado wanauliza habari za zile kaimati." Hatuingizi aya ya Biblia humo, siku hiyo ni yake, nasi tumekuja kumpongeza.

Bahasha ya kadi hii

Chukua karatasi ya kawaida ya A4. Kunja pembe moja mpaka ukingo mfupi ulale sawasawa juu ya ule mrefu, kata kipande kinachobaki, ukunjue: umepata mraba wa sentimita 21. Ugeuze uwe na ncha juu, chini, kushoto na kulia, na uilaze kadi katikati, upande wake mrefu ukienda kushoto na kulia. Chora alama nje kidogo ya kadi, milimita tatu kila upande, kisha kunja ncha zote nne kwa kufuata alama hizo. Ukikunjua utaona kwamba mikunjo inapokutana kwenye kila pembe ya kadi imebaki pembetatu ndogo. Zikate zote nne, la sivyo bahasha itakuwa na uvimbe. Kunja tena kushoto na kulia, paka gundi nyembamba kwenye kingo za ncha ya chini na uibandike juu yake. Ncha za kushoto na kulia zitaacha mwanya wa kama sentimita moja kati yao, na ncha ya chini huufunika. Ncha ya juu hubaki kuwa kifuniko.

Kadi ya maganda ifunikwe kwanza kwa karatasi nyembamba ndani ya bahasha ili picha isikwaruzwe. Inayokwenda posta iandikwe sanduku la mpokeaji kwa ukamilifu, S.L.P. na mji, kwa kuwa barua zetu nyingi bado hufika sandukuni. Kadi za Krismasi nyingi hatuzitumi kabisa: Desemba ndugu hurudi Kilimanjaro kutoka kila mkoa, nasi tunazikabidhi mlangoni mwa kanisa baada ya Misa.

Kadi ikishaondoka, andika tarehe kando ya jina katika daftari. Vipande vyembamba vya manila vilivyobaki mezani vikate upana wa vidole viwili, watoto wavigonge bamia moja moja, navyo viwekwe kwenye Misale kuonyesha masomo ya Jumapili ijayo.